Kibonzo kilivyopanda hadi Mbulu na Hanang

Ndani ya wiki mbili za mwaka 2015, wana wawili wa nyanda za Manyara walipishana mlangoni. Agosti 22, Frederick Sumaye, aliyekuwa mbunge wa Hanang na Waziri Mkuu kuanzia 1995 hadi 2005, aliihama CCM na kuingia UKAWA, kambi ya vyama vya upinzani. Septemba 1, Dk. Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Mbulu aliyegombea urais kwa tiketi ya Chadema mwaka 2010, alitangaza kuachana na siasa za vyama, akiipinga kambi hiyo hiyo kwa kumpokea Edward Lowassa, aliyekuwa naye ametoka CCM. Kwa mchoraji wa vibonzo, wiki kama hizo ni mavuno bila kupalilia.

Lakini vibonzo vilichukua miaka mingi kabla ya kuwafikia watu wa kwao Sumaye na Slaa, kama wasomaji na kama wachorwaji. Ukiifuata historia ya michoro ya kuchekesha katika nchi hii, utagundua jambo moja: njia inayoubeba mchoro ndiyo huamua nani achorwe.

Michoro ya kale zaidi haikubebwa na mtu. Aliyetaka kuiona aliifuata. Katika miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, kusini mwa Babati, kuna watu wekundu waliorefushwa kupita kiasi, wengine wana vichwa vya duara kubwa au nywele zisizoelezeka, na pembeni yao wamo twiga, tembo na pofu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Wataalamu huihusisha michoro hiyo myekundu na jamii za wawindaji, na katika kuitafuta asili yake huwatazama Wasandawe na Wahadzabe. Baadhi ya Wahadzabe wanaishi hadi leo katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Kwa hiyo ladha ya kuuvuta mwili wa binadamu mpaka ukawa kioja haikuletwa huku na gazeti.

Gazeti lilileta mchoro unaosafiri, na aliyelimiliki ndiye aliyechagua sura. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, lilikuwa la kufundisha. Kufikia miaka ya 1950, hata matangazo ya biashara, yakiwemo ya Blue Band, yalisimuliwa kwa picha zinazofuatana. Aliyechorwa humo alikuwa mtu anayetakiwa kubadilika: ale hiki, anunue kile, aishi hivi.

Baada ya uhuru, kicheko kilihamia mtaani. Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alifahamika hata kwa wasiosoma habari nyingine yoyote ukurasani. Mwaka 1978 likaja Sani, jarida lililopewa jina kwa kuunganisha herufi za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo kalamu ya Philip Ndunguru ilijenga mji mzima wa wahusika, akiwemo Ndumilakuwili, tapeli wa nyuso mbili, na Lodi Lofa, mpenda raha asiyependa kazi. Ndunguru alifariki mwaka 1986, lakini wahusika wake waliendelezwa na wachoraji wengine.

Sani lilisafiri kwa basi. Katesh, wilayani Hanang, iko kwenye barabara ya Singida kwenda Babati, kwa hiyo magazeti yalipita hapo yakiwa safarini. Mbulu imejitenga juu, mbali na barabara kuu, na gazeti lilipofika lilikuwa limeshazeeka. Utani haukuchacha kwa hilo, maana nakala moja ilizunguka mikono mingi. Hata hivyo mji uliochorwa ulikuwa Dar es Salaam. Mtu wa bara akijitokeza, mara nyingi alikuwa yule mshamba anayeshangaa magari. Msomaji wa Haydom, wilayani Mbulu, alicheka pamoja na mji huku yeye mwenyewe akichekwa.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na magazeti binafsi yakachipuka. Hapo mchoro ulipanda ngazi, kutoka kwa tapeli wa mtaani hadi kwa waziri. Masoud Kipanya alimpa panya mdogo kazi ya kusema yale ambayo wengi waliyanong'ona. Mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992 na kuwachora marais wa kanda nzima. Katika zama hizo Hanang ilitoa Waziri Mkuu, na hakuna Waziri Mkuu anayekaa miaka kumi asipitiwe na kalamu. Ndivyo mtu wa Hanang alivyoingia kwenye kibonzo kwa mlango wa ikulu na bunge.

Leo njia ni simu. Kibonzo cha asubuhi kinafika Dongobesh, wilayani Mbulu, na Masaki, jijini Dar es Salaam, kwa dakika ile ile, kikifuatana na stika za WhatsApp, wahusika wa filamu waliovalishwa kanzu, na picha za viongozi zilizochezewa kichwa. Raha hiyo ina gharama zake: Septemba 2021 mchoraji Optatus Fwema alikamatwa na polisi baada ya kuweka Instagram kibonzo cha Rais Samia Suluhu Hassan. Njia ikiwa ya wote, anayeilinda naye huongeza macho.

Kilichobaki ni anayechora. Simu imeondoa kisingizio cha basi, kwa kuwa sasa mchoro unaweza pia kushuka kutoka Mbulu kwenda mjini. Na maudhui hayakosekani. Upo utani wa Wairaqw na Wabarbaig, wapo madalali wanaopanga bei ya vitunguu swaumu kabla havijang'olewa, na kuna tambarare za Basotu, ambako mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 yaliwaondoa wafugaji wa Kibarbaig kwenye malisho yao. Mchoraji wa Masaki akilichora jambo hilo, atamchora mfugaji wa kubuni mwenye mkuki. Kijana wa Basotu atamchora mjomba wake, na mjomba ataweza kumjibu.