Chombo Kimoja, Sauti Nyingi: Wapuliza Saksofoni wa Kwanza wa Jazi

Saksofoni si ngeni kwetu. Mwaka 1956, OK Jazz ilipoundwa Léopoldville, saksofoni ya Essous ilikuwamo. Lakini je, tumejiuliza kwa nini watu wawili wakipuliza wimbo mmoja kwa chombo cha namna moja, sauti zao hazifanani? Tutazame habari ya watu weusi wa Amerika walioonyesha jambo hilo wazi kabisa.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant, aliyepata hati yake mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa madini, lakini sauti huanzia kwenye kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni mwa mpulizaji. Basi pumzi ya mtu, midomo yake, koo lake, na ugumu wa tete, vyote huingia katika sauti. Ndiyo maana mtu hutambulikana kwa saksofoni yake kama anavyotambulikana kwa kusema.

Mmoja wa watangulizi ni Sidney Bechet, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1897. Yeye alipenda soprano, saksofoni ndogo, na sauti yake ilitikisika kwa nguvu, kama mtu anayeimba kwa moyo wote. Kijana Johnny Hodges alijifunza kwake. Hodges aliingia katika bendi ya Duke Ellington mwaka 1928, akapuliza alto kwa utamu mwingi, akiteleza kutoka noti hata noti bila kuonyesha mahali pa kuungana.

Kwa saksofoni ya tenori, mkubwa alikuwa Coleman Hawkins, aliyezaliwa mwaka 1904. Utotoni alijifunza piano na selo. Katika bendi ya Fletcher Henderson mjini New York aliipa tenori heshima, kwani hapo kwanza wengi waliitumia kwa vichekesho tu. Sauti yake ilikuwa nene, nzito, imejaa chumba chote. Tarehe 11 Oktoba 1939 alirekodi „Body and Soul”, na baada ya mistari michache aliuacha wimbo wenyewe, akajenga mwingine juu yake. Wapuliza tenori wengi walimfuata.

Lakini Lester Young hakumfuata. Alizaliwa Mississippi mwaka 1909, akakua katika bendi ya baba yake, kwanza akipiga ngoma. Alipenda sahani za Frankie Trumbauer, mzungu aliyepuliza saksofoni iliyo kati ya alto na tenori kwa ukubwa. Lester akatafuta wepesi ule katika tenori yake: sauti nyembamba, tulivu, isiyotikisika sana.

Mwaka 1934 Hawkins alikwenda Ulaya, na Henderson akamwita Lester ashike mahali pake. Hapo taabu ikaanza. Wenzake katika bendi walinung'unika: hii si sauti ya tenori! Mke wa Henderson alimwamsha asubuhi na kumchezea sahani za Hawkins, ili ajifunze kupuliza vilevile. Tufikiri kidogo hali yake. Alikuwa kijana katika mji mgeni, ndani ya bendi yenye sifa. Kama angeigiza, angebaki na mkate wake. Hakuigiza. Baada ya miezi michache aliondoka, akamwomba Henderson barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa. Mwaka 1936, pamoja na Count Basie, alitoa sahani zake za kwanza, na vijana wengi wakaanza kuitafuta sauti ileile iliyokataliwa.

Je, kuiga ni kubaya? La. Ben Webster, aliyefundishwa saksofoni na babake Lester, alianza kwa kumfuata Hawkins. Kisha, katika bendi ya Ellington kuanzia mwaka 1940, aliketi karibu na Hodges na kujifunza kwake. Polepole akapata sauti yake mwenyewe: kali katika nyimbo za mbio, na katika nyimbo za taratibu pumzi yenyewe inasikika ikipita. Aliyeiga alifika kwake, na aliyekataa kuiga alifika kwake pia. Wahenga walisema: kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Desemba 1957 watatu hao, Hawkins, Webster na Young, walikutana mbele ya televisheni ya Marekani, wakimsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Lester alikuwa mgonjwa. Zamu yake ilipofika alipuliza noti chache tu, bila haraka. Alikufa Machi 1959, na Billie Holiday akamfuata Julai. Picha zile zimehifadhiwa. Anayezisikiliza, hata akifumba macho, anajua mara moja ni nani anayepuliza.