Tabora, Mji Uliojengwa na Waliokuwa Njiani

Tarehe 7 Novemba 1857 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, wakiwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Hawakukuta ukuta wala mitaa. Walikuta matembe makubwa ya udongo, kila moja na ghala na bustani yake, yametawanyika bondeni kwa nafasi. Waarabu waliokaa hapo walikuwa wachache. Wakazi wengi walikuwa Wanyamwezi, waungwana wa pwani, na watumwa waliotoka mbali. Makazi hayo ndiyo yaliyozaa Tabora.

Mahali hapo palichaguliwa na njia. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Ugogo, ikilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi, kisha ikavuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukosefu wa maji, ndipo ikafika Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kuelekea Katanga. Wapagazi wengi mkataba wao uliishia hapo. Mfanyabiashara ilimlazimu kukaa wiki, pengine miezi, akitafuta watu wapya. Henry Morton Stanley alikwama kwenye tembe moja la Kwihara, karibu na Kaze, katikati ya 1871 vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji; David Livingstone alikaa kwenye tembe hilohilo mwaka uliofuata, kuanzia Februari hadi Agosti, akingojea wapagazi kutoka pwani. Watu wa namna hiyo walipaswa kula, kulala na kutibiwa, na mji ulikua kwa kuwahudumia.

Lakini walioifungua njia ni Wanyamwezi wenyewe. Walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu kabla matembe ya wafanyabiashara hayajajengwa Kaze. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30, mbali na chakula na chombo chake cha kupikia. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Mwanzoni safari ilifuata kalenda ya shamba: wanaume waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, na kurudi kwa ajili ya mvua. Kadiri bei ya pembe ilivyopanda, upagazi ukawa kazi ya mwaka mzima kwa wengi. Wanahistoria hukadiria kuwa mwishoni mwa karne ya 19 watu wapatao 100,000 walipita njia ya kati kila mwaka.

Nani basi alilima? Swali hili lilistahili nafasi kubwa kuliko linayopewa katika habari za njia ile, ambazo zimejaa pembe na wapelelezi. Vijana wenye nguvu walipokuwa barabarani, kijijini walibaki wanawake, watoto na wazee. Faida ya pembe ilinunua nguo, ng'ombe na watu. Wengi wa watu hao walikuwa wanawake waliotekwa Manyema na nchi nyingine za magharibi, wakawekwa Unyamwezi kulima mtama na kuzaa watoto katika koo zisizo zao. Safari ilibadili idadi na pia sura ya jamii: nani yupo, nani hayupo, na nani amefika bila kupenda. Chakula kilicholisha misafara ya Tabora kilitoka mikononi mwa wanawake hao, na majina yao hayakuandikwa popote.

Siasa ilifuata njia hiyohiyo. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka ushuru kwa wafanyabiashara, akaondolewa na mahali pake akawekwa Mkasiwa. Isike, aliyemrithi Mkasiwa, aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, akachagua kufa kuliko kukamatwa. Chini ya Wajerumani Tabora ilihesabiwa kuwa mji mkubwa kuliko yote katika koloni, wakati Dar es Salaam ya mwaka 1900 ilikuwa na watu 20,000 hivi.

Reli ikabadili hesabu. Ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Treni moja ilibeba mizigo ya maelfu ya mabega, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Safari zenyewe hazikufa. Kodi ilidai fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanyamwezi wakaenda wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Tangu 1944 wengi waliandikishwa kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Mpagazi aliweza kusimamisha msafara mzima akidai posho zaidi, na alirudi na bidhaa zake mwenyewe za kuuza. Manamba alifungwa na kadi ya kazi, na wengi hawakurudi kabisa. Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Nyamwezi na Mtaa wa Manyema ipo hadi leo, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, uliokomaa kwenye njia ya misafara, uliwasaidia wageni kupata watani wa kuwazika pale ambapo hawakuwa na ndugu.

Sensa ya 1957 inaonyesha mwelekeo huo waziwazi: Dar es Salaam watu 128,742, Tabora 15,361. Mji uliokuwa mkubwa kuliko bandari sasa ulikuwa sawa na moja ya nane yake. Tabora ilibaki njia panda, hasa baada ya tawi la reli kufika Mwanza mwaka 1928, lakini abiria wa treni hangoji wapagazi. Anabadili behewa na kuendelea. Waliofika na kukaa miaka walikuwa zaidi wanafunzi. Shule ya Tabora, iliyoanza kwa ajili ya watoto wa machifu, ilimpokea Julius Nyerere mwaka 1937. Siasa nayo ilipita hapo: Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi wa wanafunzi hao waliishia ofisini Dar es Salaam.

Leo mkondo una sura nyingine. Sensa ya 2012 iliuhesabu mkoa wa Tabora watu 2,291,623. Ya 2022 ikakuta 3,391,679, ongezeko la karibu nusu kwa miaka kumi. Sehemu kubwa ya wakazi hao wako vijijini. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia na ng'ombe wao kutafuta malisho, wakulima wamefuata tumbaku ya Urambo na Kaliua, na Ulyankulu, iliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, ina wajukuu ambao sasa ni raia wa Tanzania. Misitu ya miombo inakatwa kwa mashamba na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na wafuga nyuki, walioipa Tabora sifa ya asali, wanasogea mbali zaidi kila msimu kutundika mizinga yao.