Uswisi na somo la theluji

Kwa wengi wetu theluji ni ule weupe unaoonekana kwa mbali kileleni Kilimanjaro. Inapendeza macho na haimdhuru mtu. Lakini kwa wakazi wa milima ya Alpi, huko Uswisi, theluji ni jirani wa kulala naye jicho moja wazi.

Mwaka 1397 watu wa bonde la Urseren, kilipo kijiji cha Andermatt, walipiga marufuku kukata miti katika msitu ulio juu ya kijiji chao. Hawakuwa na wataalamu wala vipimo. Walijua tu kwamba miti huishika theluji isiporomoke.

Karne tano na nusu baadaye ikaonekana kwamba msitu peke yake hautoshi. Januari 1951 theluji ilianguka mfululizo kwa siku kadhaa. Andermatt ikapoteza watu 13, na kijiji cha Vals watu 19. Majira hayo ya baridi yalipokwisha, Uswisi ilikuwa imepoteza watu 98.

Je, kitu chepesi kama pamba huuaje? Theluji hulala mlimani kwa matabaka. Ile ya mwanzo ikiwa haba, na baridi ikawa kali, chembe zake hugeuka kama sukari ya chenga, zisishikane. Kisha huja dhoruba na kurundika tabaka zito juu yake. Mzigo umekaa juu ya msingi mbovu. Uzito wa mtu mmoja anayeteleza kwa skii unatosha kulipasua tabaka hilo, na mteremko mzima ukashuka. Hata leo, wengi wanaofia mbali na njia zilizotengenezwa hufukiwa na poromoko walilolianzisha wao wenyewe au wenzao.

Taasisi ya kuchunguza mambo hayo ilikuwapo Davos tangu 1942, na taarifa za hatari zilianza kutolewa kwa umma mwaka 1945. Baada ya msiba wa 1951 serikali ilifungua mfuko. Vizuizi vya chuma vilisimikwa milimani, miti ikapandwa, na ramani zikachorwa. Palipopakwa rangi nyekundu, ruhusa ya kujenga nyumba hakuna.

Februari 1999 mtihani ukarudi. Katika baadhi ya sehemu zilianguka zaidi ya mita 5 za theluji kwa mwezi mmoja. Barabara zikafungwa, watu wakahamishwa. Safari hii waliokufa walikuwa 17. Kwa theluji nyingi namna ile, tofauti hiyo si bahati. Ama kweli, tahadhari kabla ya athari.

Lakini 12 kati ya hao 17 walifia mahali pamoja, katika wilaya ndogo ya Evolène. Kesi ikafika mahakamani. Viongozi wawili wa eneo hilo, waliokuwa na dhamana ya usalama, walitiwa hatiani kwa uzembe uliosababisha vifo. Hatari ilikuwa inajulikana. Waliopaswa kuchukua hatua hawakuchukua za kutosha.