Sarakasi juu ya Boksi: Historia ya Malighafi ya Sanaa ya Mashabiki katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya sanaa za ufundi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata kazi zilizodumu. Michoro ya miambani, vinyago vya mpingo na picha za Tingatinga zina nafasi katika maandishi ya wanazuoni kwa sababu zipo: zinaweza kupimwa, kupigwa picha na kuhesabiwa. Kazi zilizofanywa kwa malighafi dhaifu hazina bahati hiyo. Miongoni mwake ni picha na maumbo ambayo mashabiki huyatengeneza kwa vipande vya boksi ili kuwaenzi wachezaji, wanamuziki na wanasarakasi wanaowapenda.

Makala hii inajadili picha za sarakasi zinazofanywa juu ya boksi, kwa kuzingatia mazingira ya Mbeya na Iringa. Hoja yake kuu ni kwamba sanaa hii hueleweka vizuri zaidi pale uchunguzi unapoanza na malighafi. Boksi limechukuliwa mara nyingi kama ubao wa mtu asiye na fedha. Mtazamo huo unapotosha. Boksi lina tabia zake ambazo zinaafikiana na mwili wa mwanasarakasi kuliko ubao, na tabia hizohizo ndizo zinazoifanya kazi ya shabiki itoweke mapema.

Dhana mbili zinahitaji ufafanuzi. Kwanza, sanaa ya mashabiki ni kazi inayofanywa na mpenzi wa msanii au wa onyesho fulani bila kuagizwa wala kulipwa na mhusika. Kwa hiyo mchoraji wa mabango ya biashara hahusiki, hata kama amechora mtu yuleyule. Pili, neno sarakasi lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya duara, yaani uwanja wa mviringo wa maonyesho. Huko Ulaya neno hilo lilikuja kubeba hema, farasi, simba na mchekeshaji mwenye pua nyekundu. Katika Kiswahili cha Tanzania sarakasi ni mwili kwanza: kupinda, kuruka, kusimama juu ya mabega ya mwenzako, kupita katikati ya pete. Tofauti hiyo ya maana ina athari ya moja kwa moja katika kile kinachochorwa.

2.0 Sarakasi: kutoka jukwaa la taifa hadi skrini

Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na sanaa za jukwaani zikawekwa chini ya uangalizi wa dola. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na kikundi cha taifa cha sarakasi kikaanzishwa mwishoni mwa muongo huo. Mbinu walizorudi nazo, kama vile piramidi za watu, kupanga viti kwa urari na kuzungusha sahani juu ya vijiti, ziliingia katika lugha ya jukwaa la Tanzania. Mwaka 1981 mafunzo ya sanaa za maonyesho yalipata makao ya kudumu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Katika miaka ya 1980 sarakasi ilihama kutoka hafla za kitaifa kwenda kumbi za burudani. Vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kama vile Muungano na DDC Kibisa, viliiweka sarakasi katika onyesho moja pamoja na ngoma, vichekesho, maigizo na taarabu. Mtazamaji alilipa kiingilio kimoja akapata vyote. Hapo sarakasi ilianza kuwa na mashabiki katika maana kamili ya neno: watu waliokuja kumtazama mchezaji fulani na kuubishania uwezo wake baada ya onyesho.

Kwa mkazi wa Mbeya au Iringa umbali ulikuwa kigezo muhimu. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Redio ilileta muziki na maigizo, lakini haikuweza kuleta mwili uliopinda. Kabla ya mwaka huo aliyetaka kuchora sarakasi alichora kutokana na kumbukumbu ya onyesho aliloliona mara moja, au kutokana na picha ya gazetini. Televisheni, na baadaye simu yenye intaneti, zimeugeuza uhusiano huo. Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wajulikanao kama Ramadhani Brothers, waliposhinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwezi Februari 2024, mtu aliye Mafinga au Tukuyu aliweza kuusimamisha mkanda kwenye simu pale mmoja anaposimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, kisha akauchora mkao huo kwa utulivu. Shabiki wa zamani alihifadhi mshangao, ilhali wa sasa anaweza kuhifadhi pia vipimo.

3.0 Ubao: somo la Tingatinga

Swali la mahali pa kuchorea lilikwisha kujibiwa Dar es Salaam mwaka 1968. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, alianza kuchora kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vilivyokusudiwa kuwa dari za nyumba. Vipande hivyo vya mraba vilikuwa na upana wa takriban sentimita 60. Havikuwa vifaa vya sanaa; vilikuwa vifaa vya ujenzi vilivyopatikana dukani kwa bei nafuu. Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Somo la kihistoria hapa ni kwamba malighafi ya ujenzi iligeuka kuwa malighafi ya sanaa kwa sababu palikuwa na mnunuzi. Hadibodi ni ngumu, haipindi na hubeba rangi ya mafuta bila kuinywa haraka. Mgeni aliyenunua picha Oysterbay aliweza kuifunga na kusafiri nayo. Soko ndilo lililoichagua kazi iliyodumu. Sanaa ya mashabiki haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Aliyemchora mwanasarakasi kwa mapenzi hakuwa na sababu ya kununua ubao, nayo picha haikuwa na safari ya kwenda. Ilikaa ukutani, mlangoni au mikononi mwa mtoto.

4.0 Boksi na kiwanda cha Mgololo

Nyanda za Juu Kusini zina uhusiano na boksi ambao mikoa mingi haina. Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, kulijengwa kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Eneo hilo lilifaa kwa mambo mawili: ukaribu na shamba kubwa la miti la Sao Hill, na ukaribu na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo na utaalamu wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Hivyo ushirikiano uleule na China uliolipa taifa mbinu za sarakasi ulisaidia pia kuifikisha njia ya reli karibu na misitu iliyozaa karatasi. Hilo halithibitishi uhusiano wa sababu na matokeo kati ya mambo hayo mawili. Linaonesha tu kwamba siasa moja ya mambo ya nje ilifika nyanda za juu kwa njia zaidi ya moja.

Kiwanda kilikumbwa na matatizo na kusimama katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 kiliuzwa kwa wawekezaji binafsi na kuitwa Mufindi Paper Mills. Zao lake kuu likawa karatasi ya krafti, yaani karatasi ngumu ya rangi ya kaki itumikayo kutengenezea mifuko na maboksi. Uimara wake hutokana na nyuzi ndefu za miti ya paina. Boksi lililotengenezwa kwa karatasi chakavu iliyosagwa upya huwa dhaifu zaidi, kwa kuwa nyuzi hufupika kila zinaposagwa.

Hata hivyo, boksi linalomfikia mchoraji halitoki kiwandani, linatoka dukani. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita pembezoni mwa mji wa Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, na bidhaa zinazoshushwa njiani, kama sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia na madaftari, huja ndani ya maboksi. Boksi tupu hurudi katika matumizi mengi: kubebea vifaranga, kuwashia moto, kutandika sakafuni, kutengenezea magari ya watoto. Walimu nao hulitumia kama zana ya kufundishia pale karatasi ya manila inapokosekana, desturi inayooana na wito wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 wa kutumia kilichopo. Mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa vipande vya boksi darasani hahitaji kuambiwa kwamba boksi linaweza kubeba picha.

5.0 Namna boksi linavyobeba mwili wa mwanasarakasi

Boksi la kawaida lina tabaka tatu: karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi iliyokunjwa mawimbi na kushikizwa kwa gundi ya wanga. Mawimbi hayo ndiyo siri ya nguvu yake. Boksi husimama imara pale mawimbi yanapoelekea juu, lakini hupinda kirahisi kwa kufuata mstari wa wimbi. Anayekata umbo la mtu aliyesimama huku mawimbi yakilala ataliona umbo hilo likivunjika kiunoni. Kinyume chake, anayetaka mwili uliopinda kama upinde anaweza kuutumia udhaifu huo makusudi: huyalaza mawimbi, hukandamiza mistari yake kwa kijiti, kisha huupinda mgongo wa umbo bila kuuvunja. Hadibodi haina uwezo huo. Juu ya ubao mwanasarakasi huchorwa akiwa amepinda; kwa boksi anaweza kupinda kweli.

Uwezo huo huenda mbali zaidi pale viungo vinapokatwa kimoja kimoja na kuunganishwa kwa uzi au waya mwembamba. Mikono na miguu inayovutwa kwa kamba moja hulifanya umbo liruke, mbinu inayojulikana katika vitu vya kuchezea vya mataifa mengi. Piramidi ya watu nayo hupatikana kwa kuchanja nafasi ndogo mabegani mwa umbo la chini na kuchomeka miguu ya umbo la juu. Hapo shabiki hulazimika kulitatua tatizo lilelile la wanasarakasi wenyewe: uzito wa wa juu uangukie wapi ili wa chini asilegee.

Rangi ina masharti yake. Boksi hunywa rangi ya mafuta, na duara la mafuta hujitokeza kuzunguka mchoro usipotanguliwa na tabaka la uji wa wanga au rangi nyeupe. Rangi yenye maji mengi hulilegeza na kulifanya lijikunje. Kwa sababu hiyo mkaa, chaki na kalamu ya wino hufaa zaidi, na rangi ya kaki ya boksi lenyewe huachwa iwe rangi ya ngozi ya mchezaji. Maandishi ya kiwandani nayo hubaki: jina la sabuni huweza kusomeka kifuani mwa mwanasarakasi.

6.0 Suala la uhifadhi

Mvua za nyanda za juu, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, pamoja na ukungu wa Mbeya na Mufindi, huliondolea boksi nguvu. Mchwa hulipenda. Katika siku ya baridi lipo karibu na jiko. Kinyume chake, karibu na mji wa Iringa michoro myekundu ya watu na wanyama ingalipo kwenye mwamba wa Igeleke.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautumia mwaka 1863 kama mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa. Mpaka huo unaeleweka kwa mwamba, lakini hauna msaada kwa boksi ambalo haliwezi kungoja hata muongo mmoja. Iringa ina Makumbusho ya Mkoa katika jengo la Boma la enzi ya Wajerumani, na ina Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambamo watu wenye ulemavu wametengeneza karatasi kwa mikono, ikiwamo ya kinyesi cha tembo. Kwa hiyo mahali pa kuonesha na ujuzi wa kutunza karatasi vimo katika mji uleule.

Uhifadhi unaofaa hauhitaji kulifanya boksi lidumu karne. Picha ya pande zote mbili, vipimo, mwelekeo wa mawimbi, bidhaa iliyokuwamo ndani, mwaka, na maelezo ya mtengenezaji kuhusu onyesho lililomvutia vinatosha kumpa mwanahistoria ushahidi. Bila kumbukumbu hizo, historia ya sarakasi itaendelea kusimuliwa kupitia wizara, vikundi na washindi pekee, na mtazamaji atabaki kuwa idadi ya tiketi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba picha ya sarakasi juu ya boksi ni makutano ya historia tatu: sanaa ya jukwaani iliyolelewa na dola, desturi ya kuchora juu ya vifaa visivyokusudiwa kwa sanaa, na uchumi wa karatasi na barabara wa Nyanda za Juu Kusini. Imeonesha pia kwamba boksi halimpi shabiki uso wa kuchorea tu, bali humpa mwili wa kuupinda na uzito wa kuusawazisha. Tofauti kati ya kazi iliyodumu na iliyopotea haikuamuliwa na ubora wa mkono uliochora. Iliamuliwa na kuwapo kwa mnunuzi. Mwanahistoria anayeiacha tofauti hiyo bila kuihoji huipokea hukumu ya soko kana kwamba ni hukumu ya sanaa.