Fimbo ya Mbali: Safari ya Mashine ya Kushtua Moyo

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Leo nakuomba uichukue methali hiyo uisome nayo historia ya mashine ya kushtua moyo.

Kwanza tuelewane. Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi misuli yake huwa ingali inatetemeka ovyo, ila haiwezi tena kusukuma damu. Mtu huanguka, huzirai na huacha kupumua kama kawaida. Mshtuko wa umeme huukatiza mtetemeko huo ili mapigo ya kawaida yapate kurejea. Kila dakika ipitayo bila msaada wowote hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Adui mkubwa, basi, ni umbali.

Mnamo mwaka 1947, mjini Cleveland, Marekani, daktari wa upasuaji Claude Beck aliuokoa uhai wa mvulana wa miaka 14 kwa kuupitisha umeme moja kwa moja kwenye moyo wake, kifua kikiwa wazi. Mwaka 1956, Paul Zoll wa Boston alionyesha kuwa umeme waweza kupitishwa juu ya kifua bila kukipasua. Hata hivyo, fimbo hiyo ilibaki hospitalini, ilhali nyoka alikuwa akiuma watu majumbani na barabarani.

Kisha ikaja hatua iliyohitaji mikono mitupu. Huko Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na wenzake, James Jude na Guy Knickerbocker, walitangaza mwaka 1960 kwamba kukikandamiza kifua kwa mfululizo huweza kuizungusha damu moyo ukiwa umesimama. Mtu yeyote aliweza sasa kumpa mgonjwa muda wa kungoja umeme.

Aliyeubeba umeme kuupeleka kwa mgonjwa alikuwa Frank Pantridge, daktari wa Belfast, Ayalandi ya Kaskazini. Alitambua kuwa wengi waliouawa na shambulio la moyo walifariki katika saa ya kwanza, kabla ya kufikishwa hospitalini. Mwaka 1965, yeye na wenzake walitengeneza mashine iliyotumia betri za gari. Ilikuwa na uzito wa takribani kilo 70, lakini iliingia ndani ya gari la wagonjwa. Na mwaka 1966 huduma hiyo ikaanza kuzunguka mjini.

Baadaye mashine zilipungua uzito, zikapewa uwezo wa kuyapima mapigo zenyewe na kumwelekeza mtumiaji kwa sauti. Mwaka 1999 ziliwekwa katika viwanja vya ndege vya Chicago. Katika miaka 2 iliyochunguzwa, watu 18 walianguka mioyo yao ikitetemeka hivyo, na 11 wakaokolewa. Waokoaji wa 6 kati ya hao 11 hawakuwa wamewahi kufunzwa mashine hizo, ingawa 3 walikuwa na shahada za udaktari.

Unaona, ewe mwanafunzi, jinsi wajibu ulivyohama? Ulianza mikononi mwa daktari bingwa, ukaingia garini, hatimaye ukamfikia raia aliyesimama karibu. Raia huyo anaweza kuwa wewe. Mtu akianguka, asiitike wala asipumue kama kawaida, ita msaada kwa sauti. Kandamiza kwa nguvu katikati ya kifua chake mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikiwapo, mwingine aikimbilie. Ukishaiwasha, fuata maelekezo yake. Usihofu kumshtua asiyestahili: imeundwa isitoe umeme isipoona haja.

Huenda mtaani kwako mashine hiyo haijafika. Basi uliza shuleni, sokoni na katika ofisi za serikali ya mtaa: iko wapi, na nani amefunzwa kuokoa? Wakati jibu likisubiriwa, jifunze kuitumia mikono yako. Hiyo ndiyo fimbo iliyo karibu.