Nyayo Zinapoingia kwa Jirani

Wafugaji wengi wa zamani walikuwa na sheria hii: ng'ombe akiibwa, na nyayo zikaingia katika kijiji cha pili, wazee wa kijiji hicho huambiwa, "Tuonyesheni zinapotokea." Wakikataa, hulipa wao. Twaona neno hili hili katika mambo ya falme, gaidi akiua hapa na nyayo zake zikielekea kwa jirani.

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimwua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, pamoja na mkewe. Princip alizaliwa Bosnia, nchi iliyotawaliwa na Austria, lakini silaha alipewa Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Mchunguzi wa Austria, Friedrich von Wiesner, aliarifu tarehe 13 Julai kwamba hakuona ushahidi kuwa serikali ya Serbia ilishiriki. Hata hivyo Austria ilipeleka barua kali, yenye muda wa saa 48. Serbia ilikubali madai mengi, ila ilikataa maofisa wa Austria wasichunguze jambo hilo katika nchi yake. Tarehe 28 Julai vita vikatangazwa. Mwezi wa Novemba moto ule ulikwisha kufika Tanga. Na wapagazi wetu wengi walikufa kwa ugomvi wasioujua asili yake.

Basi na tutazame mara ya pili. Tarehe 9 Oktoba 1934 Mfalme Alexander wa Yugoslavia aliuawa Marseille, Ufaransa. Wenzi wa muuaji walikuwa wamehifadhiwa katika shamba la Janka-Puszta, Hungaria, karibu na mpaka. Kwa hasira Yugoslavia iliwafukuza Wahungaria kwa maelfu. Lakini safari hii palikuwa na mahali pa kushtakiana, yaani Chama cha Mataifa huko Geneva. Mwezi wa Desemba Baraza lake liliona kwamba huenda baadhi ya wakuu wa Hungaria walizembea, likaitaka Hungaria iwaadhibu wenye makosa. Vita havikutokea.

Wala hatusemi kwamba haki ilitimia. Italia nayo iliwahifadhi magaidi wale, lakini haikushtakiwa, kwa kuwa ilikuwa dola kubwa. Mwaka 1937 dola 24 zilitia sahihi mapatano juu ya ugaidi. India peke yake ikayathibitisha, nayo hayakutumika kamwe.

Basi, ndugu wasomaji, mwenye kumficha mwuaji humwalika adui mlangoni pake. Na mwenye kufiwa asiitangulize hasira mbele ya ushahidi. Wazee wetu walifuata nyayo kwanza, ndipo wakadai malipo.