Trela ya Psycho

Trela ya Psycho ni tangazo la dakika sita na ushee, lililotengenezwa mwaka 1960 kuinadi filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Trela hapa ni neno lilelile la tela la lori: zamani matangazo ya namna hii yalifuata nyuma, baada ya filamu kwisha. Siku hizi yanatangulia, ila jina halikubadilika.

Kwa kawaida trela huungwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka kwenye filamu yenyewe. Hitchcock hakufanya hivyo. Sura yake ilikwishazoeleka majumbani kupitia kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka 1955, basi akasimama mwenyewe mbele ya kamera na kuwatembeza watazamaji kwenye seti, mithili ya dalali anayeonyesha nyumba ya kupanga. Muziki wa mwanzo ni mwepesi, karibu wa kuchekesha. Anaonyesha moteli, kisha nyumba kuukuu iliyo kilimani nyuma yake. Penye ngazi anasimulia jinsi mtu alivyoporomoka, mikono ikizunguka hewani; kabla hajamaliza, anasema hatalizungumzia zaidi, anaendelea na safari. Chumbani anaonyesha alama ya mwili iliyobonyea kitandani, anafungua kabati la nguo, anachungulia, analifunga. Sebuleni anaanza kueleza umuhimu wa picha iliyoko ukutani, halafu anahamia jambo jingine.

Watu husema trela nzuri ni ile inayoficha. Hii inapayuka: inataja mauaji mawili na mahali yalipotokea. Hila yake iko kwenye sentensi zisizokamilika, maana mtazamaji huzimalizia mwenyewe, na humalizia vibaya. Hitchcock anamwonea huruma kijana mwenye moteli kwa kutawaliwa na mama mkali, na hapo tayari ameshatupeleka njia isiyo yenyewe. (Asiyeiona filamu asituulize zaidi.)

Mwisho anaingia bafuni. Kumeshasafishwa, anasema. Anafunua choo, kitu ambacho sinema za Marekani za wakati huo zilikikwepa, na kudai kwamba ushahidi muhimu ulipatikana humo. Kisha analivuta pazia la bafu kwa ghafla: mwanamke anapiga ukelele, na fidla kali za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, zinalipuka. Wengi hudhani huyo ni Janet Leigh, nyota wa filamu. Siye. Ni Vera Miles, aliyeigiza dada wa mhusika wa Leigh, akiwa amevaa nywele za bandia.

Kampeni ya kuinadi filamu hiyo ilikuwa na sharti: filamu ikishaanza, hakuna kuingia. Watazamaji wa Marekani walizoea kuingia wakati wowote, hata katikati. Walioikuta Psycho imeanza walisubiri onyesho linalofuata, na foleni za nje zikawa tangazo jingine.

Nyumba ile bado ipo katika eneo la studio za Universal, karibu na Hollywood, na watalii hupitishwa hapo wakiwa na mwongoza ziara.